Mtandao unasingiziwa, tatizo liko nyuma ya kitufe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nimtetee mshtakiwa ambaye huku kusini anahukumiwa kila siku bila kusikilizwa. Mshtakiwa mwenyewe ni mtandao. Mkulima akifuatilia malipo ya korosho, mtandao unasumbua. Mama akienda kulipia leseni ya genge, mtandao hamna. Mzazi akitaka stakabadhi ya ada, arudi kesho, mtandao. Mimi ni fundi wa mifumo ya kompyuta, naishi Chikongola hapa Mtwara, na riziki yangu ni kuitwa mifumo inapogoma, kuanzia Nanyamba hadi Lindi mjini. Kwa niliyoyaona, mara nyingi mtandao hauhusiki kabisa. Kilichokwama ni kazi nzito ambayo ukurasa wa mfumo umebebeshwa uifanye papo hapo, karani akiwa ameukodolea macho, wakati kazi hiyo ilitakiwa ifanyike nyuma, kimya kimya, bila kumngoja mtu yeyote.

Sisemi mtandao haukatiki. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima ilihisi. Lakini siku kama ile hata WhatsApp inagoma. Karani akikwambia hakuna mtandao huku simu yake inaingiza picha za harusi ya jana, una haki ya kuuliza swali la pili.

Nichukue mfano wa malipo ya korosho, maana ndiyo kazi ninayoitiwa zaidi. Mnada umefanyika, bei imepatikana, fedha ya mnunuzi imeingia. Karani wa chama cha msingi anafungua mfumo, anachagua namba ya mnada, anabonyeza kitufe kilichoandikwa "Andaa malipo". Kitufe chenyewe kidogo, lakini nyuma yake kuna shughuli pevu. Mfumo umchukue mkulima mmoja mmoja, usome kilo zake, uzidishe kwa bei ya daraja lake, utoe makato ya usafirishaji, ya ghala na ya chama, uangalie kama ana deni, uhakiki namba yake ya akaunti, kisha utengeneze faili la benki na karatasi ya malipo ya kila mtu. Kwa wakulima hamsini inakwisha kabla hujakohoa. Kwa wakulima elfu nne ni habari nyingine.

Ni habari nyingine kwa sababu kila kiungo kati ya kitufe na seva, ile kompyuta inayotunza na kuendesha mfumo, kina kiwango chake cha uvumilivu. PHP, lugha iliyotumika kuandikia mifumo mingi midogo ninayokutana nayo, isiporekebishwa inaupa ukurasa sekunde 30 za kufanya kazi. Nginx, programu inayokaa mlangoni mwa seva kupokea maombi, isipoguswa inamsubiri aliye ndani kwa sekunde 60. Isiposikia neno, inakata tamaa na kumletea karani ukurasa mweupe wenye namba 504. Namba hiyo haisemi kwamba intaneti imekatika. Inasema aliye mlangoni amechoka kumngoja aliye ndani.

Na ukurasa mweupe haumaanishi kazi imesimama. Kwenye Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi, zile sekunde 30 za PHP hazihesabu muda ambao ukurasa unasubiri jibu la kanzidata, yaani ghala la taarifa za mfumo, na kazi ya malipo kwa sehemu kubwa ni kusubiri kanzidata. Kwa hiyo Nginx imeshakata tamaa, karani ameshaambiwa imeshindikana, na ndani bado kuna mashine inakokotoa malipo ya mnada ule ule. Karani atajuaje? Yeye ameona duara linazunguka, kisha ukurasa mweupe, na nje watu wamekaa chini ya mwembe tangu alfajiri. Anafanya ambacho hata wewe Mhariri ungefanya. Anabonyeza tena.

Sasa ziko kazi mbili zinaandaa malipo yale yale na kugombania majedwali yale yale. Katika chama kimoja wilayani Tandahimba nililikuta faili la benki lina majina yaliyojirudia, wengine mara mbili, wengine mara tatu, kwa kufuata mpangilio wa mibonyezo ya karani. Benki ililirudisha faili, na walikuwa sahihi. Wakulima wakaongezewa siku za kungoja, na ubaoni pakabandikwa tangazo kwamba malipo yamechelewa kutokana na, msomaji anajua, hitilafu ya mtandao.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wa mifumo hawaambiwi. Seva ya Debian au Ubuntu, ambayo ni matoleo ya Linux, PHP ikiwekwa ilivyo bila kurekebishwa, inaruhusu michakato 5 tu, yaani watumishi watano wa ndani, ihudumie kurasa kwa wakati mmoja. Mitano. Karani wa Kitangari akibonyeza mara tatu na mwenzake wa Mahuta mara mbili, nafasi zote zimekwisha. Mhasibu aliyeko Mtwara mjini anataka kuingia tu, hata hajaweka nywila, na mfumo haufunguki. Anampigia bosi, bosi anampigia kampuni ya intaneti, kampuni inapima laini na kuikuta nzima. Jioni makarani wanafunga ofisi, kazi zinaisha zenyewe, mfumo unarudi, na kila mmoja anaapa kwamba laini ndiyo iliyotengenezwa.

Dawa inayotolewa haraka ni kuongeza muda wa kusubiri. Fundi anaingia, anabadilisha 60 kuwa 600, anachukua chake, anaondoka. Namba 504 inatoweka kwa wiki mbili hivi. Lakini kazi bado imefungwa kwenye kivinjari cha karani, nafasi ni zile zile tano, na sasa kila iliyoshikwa inashikwa kwa dakika kumi badala ya moja. Dawa ya pili ni kununua seva kubwa zaidi. Hiyo nayo inapendwa sana, maana ina ankara nono.

Ajabu ni kwamba sisi wa Mtwara na Lindi ndio tungepaswa kuielewa dawa yenyewe kabla ya wengine. Tangu msimu wa 2007/2008 tunauza korosho kwa stakabadhi ghalani, chini ya sheria ya mwaka 2005. Mkulima hakeshi ghalani akingojea mnada. Anapima mzigo, anapewa stakabadhi, anarudi kwake. Korosho zinakwenda ghala kuu, mnada unaitishwa, mnunuzi analipa, yote hayo mkulima akiwa shambani au msibani. Akitaka kujua limefikia wapi, anakwenda na karatasi yake. Mfumo ulioandikwa na mtu anayejua kazi unafuata utaratibu huo huo. Kitufe kikibonyezwa, ukurasa unaandika mstari mmoja kwenye jedwali la kazi: nani ameomba, mnada gani, saa ngapi, hali yake "inasubiri". Kisha unamjibu karani hapo hapo kwamba ombi namba 318 limepokelewa. Ukurasa umemaliza wajibu wake, haukutumia hata sekunde moja.

Anayeifanya kazi yenyewe ni mwingine. Ni skripti, yaani faili la amri zinazofuatana, ya skrini nyeusi, ile isiyo na vitufe wala rangi, ambayo seva inaiendesha yenyewe bila kivinjari. Inaamka, inaangalia jedwali, inachukua ombi lililotangulia, inaliandika "linaendelea", inaanza kukokotoa. PHP ile ile iliyokuwa inabanwa na sekunde 30, ikiendeshwa kwa skrini nyeusi haina kikomo cha muda. Thamani yake inakuwa 0. Kila baada ya wakulima kadhaa skripti inaandika imefika wapi, na ukurasa wa karani unakwenda kusoma maandishi hayo kila baada ya sekunde chache: wakulima 1,200 kati ya 4,000. Karani anaweza kufunga kompyuta akaenda kuswali adhuhuri. Umeme ukikatika ofisini kwake, seva haina habari. Modemu ikiishiwa bando, seva haina habari. Akirudi anataja namba 318 na kukuta kazi yake imesonga.

Vifaa vya kufanyia hivi si vipya wala si vya gharama. Cron, ile programu ya kuamsha kazi kwa ratiba, iko kwenye mifumo ya Unix tangu miaka ya 1970, na inaweza kuamsha skripti yako kila dakika. Ukitaka skripti ikae macho muda wote, systemd, msimamizi wa huduma ndani ya Linux, itailinda na kuinyanyua ikianguka. Anayejenga mfumo wake wa PHP kwa Laravel amewekewa foleni ya kazi tayari ndani yake, anayetumia lugha ya Python ana Celery ya kuendeshea foleni hiyo. Vyote havilipiwi. Na lile tatizo la kubonyeza mara mbili linakwisha kwa sharti moja kwenye jedwali: ombi la mnada ambao kazi yake haijaisha likataliwe, karani aonyeshwe lile la kwanza. Mimi huongeza na flock upande wa skripti, kufuli la faili linalozuia nakala mbili kuendeshwa pamoja. Makarani wetu wana vidole vyepesi.

Hapa niseme na mafundi wenzangu kidogo, wasomaji wengine wanivumilie. Wapo wanaojua nusu ya dawa. Ndani ya ukurasa wanaiita skripti kwa exec, amri ya PHP ya kuendesha programu nyingine, mwishoni wanapachika alama ya & ili iendeshwe nyuma, wanaona wamemaliza. Kwanza, katika PHP hiyo alama peke yake haitoshi. Matokeo ya skripti yasipoelekezwa kwenye faili au kwingineko, ukurasa utaendelea kungoja hadi mwisho. Wakiligundua hilo wanayaelekeza matokeo kwenye /dev/null, mahali ambapo kila kinachoandikwa kinapotea. Ukurasa unarudi haraka, mteja anafurahi, hundi inasainiwa. Lakini hakuna jedwali, hakuna namba ya ombi, hakuna zamu. Huduma ya PHP ikiwashwa upya katikati ya kazi, systemd kwa kawaida inaizima pamoja na michakato yote iliyozaliwa humo, hata kama ulitanguliza nohup, amri ya kuzuia kazi isife aliyeianzisha akiondoka. Kazi imekufa na hakuna palipoandikwa kwamba iliwahi kuzaliwa.

Matunda ya /dev/null niliyaona Lindi. Kikundi kimoja cha wauza ufuta kilikuwa na mfumo mdogo unaotengeneza taarifa ya kila kata usiku. Kata zote zilikuwa zinapata taarifa isipokuwa Ng'apa. Aliyewauzia mfumo alishawaambia ni mtandao wa huko, ingawa seva haikuwa Ng'apa wala hata Lindi. Mwenyekiti wao, mama mmoja wa makamo asiyebabaishwa na maneno ya kitaalamu, aliniuliza: "Mwanangu, Ng'apa kwani porini? Minara si ipo?" Nikaiendesha skripti kwa mkono, matokeo yakija kwenye skrini badala ya kutupwa, na kosa likajitokeza kwa mstari mmoja. Alama ya kunukuu imefunguliwa, haikufungwa.

Ni ile ritifaa, alama ya ' katika jina la Ng'apa. Ukurasa ulikuwa unalichukua jina la kata kama lilivyo na kulibandika ndani ya amri. Kwa Linux alama ile inafungua nukuu, na isipofungwa amri yote inakataliwa. Ruangwa, Nachingwea, Mnacho, yote yalipita salama. Mtengenezaji alijaribu kwa majina aliyoyazoea yeye, hayana ritifaa, akaona mambo safi. Kosa lilikuwa linajitangaza kila usiku kwa maneno yasiyo na utata, na kila usiku likitupwa kwenye /dev/null. Lau lingeandikwa kwenye faili la kumbukumbu, mama yule asingenihitaji mimi.

Jambo hilo lina sura mbaya zaidi. Ritifaa inavunja amri bila nia mbaya. Nukta mkato inaivunja kwa makusudi, kwa sababu kwenye skrini nyeusi nukta mkato inamaliza amri moja na kuruhusu nyingine ianze. Mtu akiandika kwenye kisanduku cha jina la kata jina lolote, akafuatisha nukta mkato na amri ya kufuta mafaili, mfumo uliojengwa vile utatii. OWASP, jumuiya ya kimataifa ya usalama wa programu za tovuti, imekuwa ikiliweka kosa la aina hii katika orodha yake ya hatari kumi kubwa kwa miaka mingi. PHP ina escapeshellarg ya kulifungia neno la mtumiaji lisiwe amri, lakini njia iliyo salama zaidi ni ile ile ya jedwali: ukurasa usiiguse skrini nyeusi hata kidogo, uandike namba ya ombi tu, na skripti ijisomee yenyewe kilichoombwa. Nimewahi pia kukuta mtumiaji www-data, ambaye ndiye jina la ukurasa wa tovuti ndani ya Ubuntu, amepewa sudo, yaani mamlaka ya msimamizi mkuu wa seva, bila nywila ili "skripti zisisumbue". Hapo umemkabidhi mpita njia funguo za ofisi nzima. Tuliiondoa ruhusa ile kabla hata sijakaa kitini.

Na saa! Sisi tunahesabu saa zetu, seva nyingi zinahesabu saa za UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Fundi mmoja alitaka kazi ya mahesabu ifanyike saa nane usiku, watu wamelala, akaandika 8 kwenye cron. Nane ya UTC ni saa tano asubuhi ya Mtwara. Mfumo ukawa unajikaba koo kila siku wakati foleni ya wakulima imefika barabarani, na usiku seva inalala fofofo. Alitakiwa kuandika 23, na tena ajue kwamba kwa seva hiyo bado ni jana, ili taarifa isitoke na tarehe ya nyuma.

Ndugu Mhariri, makarani siwalaumu, na wakulima ndio kabisa. Maneno yangu yanawahusu wanaosaini mikataba ya mifumo hii: viongozi wa vyama, halmashauri, saccos, shule binafsi. Wanakagua rangi za ukurasa na nembo imekaa vizuri au la, kisha wanalipa. Huonyeshwa mfumo ukiwa na wakulima kumi wa majaribio, na kwa wakulima kumi kila mfumo duniani una kasi. Msimu unafunguliwa Oktoba, muda wa kukagua upo.

Mleteni muuzaji na mfumo wake, umejazwa majina mengi kama ya msimu halisi, yakiwemo yenye ritifaa. Karani abonyeze kitufe cha malipo, halafu abonyeze tena makusudi. Kisha afunge kivinjari na kuchomoa waya wa intaneti. Mkanywe chai. Mkirudi, karani aingie kwa kompyuta nyingine: aikute kazi moja, si mbili, ikiwa na namba yake na kipimo cha ilipofikia. Seva iwashwe upya kazi ikiwa katikati, tuone kama itaendelea, itaanza upya bila kurudia malipo, au itayeyuka. Muuzaji akisema jaribio hilo halikuwa kwenye mkataba, liandikeni kwenye mkataba. Akisema seva ni ndogo, awaonyeshe kwanza foleni ya kazi iko wapi.

Jingine ni faili la kumbukumbu. Katika mifumo mingi ninayoifungua linasomwa na fundi peke yake, kwa lugha ya fundi, kama lipo. Karani apewe japo mstari mmoja wa Kiswahili kwenye ukurasa wake: kazi namba 318 imesimama, akaunti ya mkulima fulani ina tarakimu pungufu. Akiwa na mstari huo atamtuma kijana na pikipiki kwa mkulima huyo mmoja, alete kadi yake ya benki, na wale wengine wote walipwe siku hiyo hiyo.

Wako msomaji,
Fundi wa mifumo,
Chikongola, Mtwara.